Kutoka mkonge hadi Hilux: habari ya springi za nyuma

Nilijitwisha kazi isiyo ya kalamu: kuwakusanya wenye Hilux na Hiace saba waje kwenye uwanja mmoja hapa Ngamiani, Tanga, magari yao yanyanyuliwe nyuma kwa siku moja. Sababu ni hesabu tu. Mabamba ya springi ukiyanunua kwa jumla bei inashuka, vifaa vinakodiwa mara moja, na fundi haji kwa nauli saba.

Nilimwalika pia babu mmoja aliyekuwa fundi wa magari kwenye shamba la mkonge. Nilidhani atakaa kivulini anywe kahawa. Kumbe ndiye aliyetuharibia ratiba!

Springi ya mabamba, yale yanayopangwa moja juu ya jingine, ina umri kuliko gari lenyewe. Obadiah Elliott wa London alipata hataza mwaka 1804, akizitengenezea mikokoteni ya farasi. Gari lilipokuja likazirithi. Land Rover ya 1948 ilikuwa nazo mbele na nyuma. Huku kwetu mzigo ulishatangulia. Mkonge uliingia mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja, ikapona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashambani majani yalibebwa kwa vireli vidogo, kisha malori na matrekta yakachukua kazi. Hapo ndipo mafundi wa pwani hii walipoanza kuisoma springi, kwa kuvunjikiwa nayo.

Tuliokulia mjini tunadhani gari gumu ni habari ya mashindano. Ni kweli kiasi. Safari Rally ilianza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Baadaye ikaja Pijo 504, ile ndefu ya abiria, yenye springi nne za kuzunguka huko nyuma, mbili kila upande. Wazee wetu hawakuipenda kwa sura yake, nawahakikishieni.

Lakini babu alisema mazoea yetu ya leo hayakutoka kwenye mashindano. Yalitoka kwenye ukata. Miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwepo, spea zikawa dhahabu. Bamba la gari dogo likivunjika, fundi alikata la lori akalipachika. Lilikuwa nene, lakini gari lilitembea. Spea zikarudi, ila ule mkono wa kupachika bamba la lori haukuondoka. Sasa tunauita ufundi!

Na ndilo alilolitaka rafiki yangu anayebeba machungwa kutoka Muheza. Alikuja na mabamba mawili ya lori kwenye kiroba, ametoa hela yake. Babu akayashika, akayapima kwa vidole, akauliza, "Mwanangu, unajua haya yana nguvu ya mangapi?"

Hesabu yake ni hii. Ukiongeza bamba la unene uleule kwenye matano, ugumu unaongezeka kama sehemu moja ya tano. Lakini bamba lenye unene mara mbili, urefu na upana vikiwa sawa, linagoma kama mabamba manane. Gari likiwa tupu halitakuwa na springi tena, litakuwa na nondo. Litarukaruka kwenye makorongo, tairi la nyuma likiachana na ardhi, na pigo lote liende kwenye chesisi. Fundi wetu naye alitaka kuyapasha moto kwenye mkaa ili ayapinde. Babu akakataa kabisa: chuma cha springi ukikipasha ovyo kinalainika, baada ya muda kinalala.

Kulikuwa na ubishi mrefu. Rafiki yangu hakuwa mjinga. Kila gunia analoacha Muheza ni karo ya mtoto. Nami ndiye niliyemwita, nikawa nashika upande huu na ule, aibu tupu.

Kilichomgeuza si springi, ni breki. Magari mengi ya aina hii yana valvu ndogo yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka, valvu inajua kuna mzigo, inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinyanyua nyuma bila kuurekebisha mkono ule, valvu inadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Tulilala chini ya magari yote saba kuangalia. Mawili yaliyonyanyuliwa zamani, mojawapo la kwangu, mkono haukuwa umeguswa kabisa.

Mpaka magharibi tulikuwa tumemaliza manne tu, kila moja bamba moja la unene wake na valvu imepangwa upya. La machungwa lilikuwa la tatu. Mwenyewe aliondoka na mabamba yake ya lori kwenye kiroba, akisema atayauza. Langu linasubiri Jumamosi ijayo. Kwa sasa naenda kazini kwa miguu.