Data Science Africa
Data Science Africa (kifupi: DSA) ni shirika linaloendesha mafunzo ya sayansi ya data na akili bandia (pia: akili mnemba) kwa wanafunzi wa vyuo na watafiti barani Afrika.

Mafunzo ya kwanza yalifanyika mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, Kenya. Mwaka 2016 yalifanyika Kampala, na mwaka 2017 Arusha, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wanafunzi hufanya mazoezi kwenye kompyuta, hasa kwa lugha ya programu ya Python. Kisha hufuata warsha ya watafiti.

Mifano mingi hutoka katika mazingira ya Afrika yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, wamefundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo, kama batobato na michirizi ya kahawia, kwa picha za majani zilizopigwa kwa simu. Kazi kubwa hapo si kuandika programu. Kila picha lazima kwanza ipewe jina la ugonjwa na mtu anayeujua mmea. Akikosea, kompyuta hujifunza kosa hilohilo. Anayezoea tu kuuliza maswali programu iliyokwisha kutengenezwa haioni hatua hii.

Ciira wa Maina wa Nyeri, mmoja wa waanzilishi, ametumia vinasa sauti kutambua ndege katika hifadhi ya chuo chake.