Ukuaji wa Utalii wa Ndani nchini Tanzania, 1951–2024: Historia ya Kuhesabiwa kwa Msafiri Mwananchi

Utangulizi

Takwimu za Wizara ya Maliasili na Utalii zinaonesha kuwa watalii wa ndani nchini Tanzania walikuwa 788,933 mwaka 2021, wakafikia 2,363,260 mwaka 2022, wakapungua hadi 1,985,707 mwaka 2023, kisha wakapanda hadi 3,218,352 mwaka 2024. Katika mwaka huo wa mwisho wageni kutoka nje walikuwa 2,141,895. Kwa hiyo katika kila watalii kumi, sita walikuwa wa ndani. Tarakimu hizi hutajwa mara kwa mara kama ushahidi kwamba Watanzania wameamka na kuanza kuitembelea nchi yao. Insha hii haikanushi ukuaji huo. Inachohoji ni aina ya safari inayopimwa na tarakimu hizo, na sababu za safari nyingine, zilizo kongwe na kubwa zaidi, kubaki nje ya hesabu. Hoja inayotetewa ni kwamba utalii wa ndani umekuwa ukihesabiwa kwenye malango ya hifadhi na makumbusho, na kwamba desturi hiyo ilirithiwa kutoka katika utalii uliojengwa kwa ajili ya mgeni.

Mtalii kama dhana

Kitenzi “talii”, chenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya kutembelea mahali kwa nia ya kutazama na kujifunza. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, jina “mtalii” limeelekea kumaanisha mtu wa nje: mwenye kamera, anayelipa kwa dola. Ndiyo maana msamiati wa kiserikali ulilazimika kuongeza sifa, “mtalii wa ndani”, ilhali mgeni huitwa mtalii tu, bila nyongeza yoyote.

Mapendekezo ya kimataifa ya takwimu za utalii ya mwaka 2008, yaliyotolewa chini ya Umoja wa Mataifa, hayafuati mkondo huo. Kwa mujibu wake, mgeni wa utalii ni mtu anayesafiri nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofikia mwaka mmoja, kwa lengo lolote isipokuwa kuajiriwa mahali anapokwenda. Mapumziko, ibada, matibabu, biashara na kuzuru ndugu na marafiki vyote vimo. Akilala angalau usiku mmoja huko aendako, anaitwa mtalii. Kwa kipimo hicho, mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda Rombo kula Krismasi na wazazi wake ni mtalii wa ndani kamili, hata kama hakuugusa mguu wa Mlima Kilimanjaro. Pengo kati ya fasili hii na hesabu za malangoni linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa katika historia.

Lango na mwenyeji, 1951–1967

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1959 eneo lake liligawanywa: Ngorongoro ikawa mamlaka ya matumizi mseto, na Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti wakahamishiwa huko. Mwaka huohuo kitabu na filamu ya Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti viliitangaza mbuga hiyo Ulaya kama pori lisilo na wakazi. Mpaka wa hifadhi, kwa hiyo, ulitenga watu wa aina mbili: aliyetakiwa kutoka na aliyealikwa kuingia. Mwenyeji hakuwa na nafasi ya kuwa mtalii katika ardhi ambayo hadi jana yake alikuwa mkazi.

Uhuru haukuubadili mpangilio huo kwa haraka. Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori, lililotolewa na Julius Nyerere mwezi Septemba 1961, liliwachukulia wanyama na mapori kama amana ya taifa na ya vizazi vijavyo, na wakati huohuo kama rasilimali itakayohitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Mikumi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ilipata sifa ambayo hifadhi za kaskazini hazikuwa nayo: ukaribu na Dar es Salaam na njia kuu inayopita katikati yake. Hata hivyo, matangazo, hoteli na usafiri viliendelea kulenga kaskazini, ambako mgeni alifika kwa wepisi akitokea Nairobi.

Mjadala wa 1970 na miaka ya dhiki

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta swali jipya. Mwaka 1970 ulizuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard kuhusu nafasi ya utalii katika nchi ya kijamaa. Issa Shivji aliihariri michango hiyo na kuichapisha kama kitabu mwaka 1973. Wakosoaji waliona utalii kuwa mlango wa utegemezi na wa tabia za utumishi. Watetezi walisisitiza fedha za kigeni. Licha ya kutofautiana kwao, kiini cha ubishi kilikuwa mtalii wa kutoka ng'ambo. Mwananchi alionekana hasa kama mhudumu, mlipa gharama au mnufaika, na kwa nadra sana kama msafiri.

Uwekezaji wa kipindi hicho ulifuata mtazamo huo. Hoteli za umma zilijengwa Lobo, Ngorongoro na Ziwa Manyara, na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro ukafunguliwa mwaka 1971. Mwezi Februari 1977, baada ya mvutano uliovunja Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na ulibaki hivyo hadi mwaka 1983. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wageni wa njia ya Nairobi vilikosa watu. Kinadharia hiyo ilikuwa fursa ya kumgeukia mwananchi. Kiutendaji, vita vya Kagera vya 1978–1979, uhaba wa mafuta, vipuri na bidhaa muhimu viliifanya safari ya mapumziko kuwa anasa. Aliyesafiri alisafiri kwa sababu ya msiba, harusi, shule, kazi au chakula. Safari hizo zilikuwa nyingi, lakini hakuna aliyeziita utalii.

Mageuzi na kuzaliwa kwa tarakimu

Sera ya Taifa ya Utalii ya mwaka 1991, iliyofanyiwa mapitio mwaka 1999, iliifungulia sekta binafsi milango. Kiingilio cha raia hifadhini kiliwekwa kwa shilingi, kikiwa sehemu ndogo tu ya kile ambacho mgeni hulipa kwa dola. Unafuu huo ulikuwa wa haki, ila haukugusa gharama kubwa zaidi: gari linalofaa kuingia porini na malazi yaliyopangiwa bei ya mgeni. Kwa familia ya kipato cha kati, kiingilio kilikuwa kiasi kidogo kuliko vyote katika bajeti ya safari.

Janga la UVIKO-19 ndilo lililobadilisha uzito wa suala hili. Wageni kutoka nje walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, pungufu ya takriban asilimia 59. Mwananchi, aliyekuwa nyongeza katika hotuba, akawa tegemeo. Tangu hapo idadi ya watalii wa ndani imekuwa ikitangazwa sambamba na ya wageni.

Tarakimu hizo, hata hivyo, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zimejengwa zaidi juu ya kumbukumbu za taasisi zinazosimamia vivutio, na kumbukumbu ya lango huhesabu maingilio. Mtu mmoja akizuru hifadhi mbili anaweza kuonekana mara mbili. Mwanafunzi aliyeletwa makumbusho kwa saa mbili ana uzito sawa na mzazi aliyelala hifadhini siku tatu. Hata tukichukulia kwamba kila ingizo la mwaka 2022 lilikuwa la mtu tofauti, idadi hiyo, ikilinganishwa na watu 61,741,120 wa sensa ya mwaka huo, ni sawa na mtu mmoja katika kila 26. Aidha, kuongezeka karibu mara tatu kati ya 2021 na 2022, kupungua kwa asilimia 16 mwaka uliofuata, na kupanda tena kwa asilimia 62 mwaka 2024 si mwenendo wa desturi ya taifa zima. Ni mwenendo unaotarajiwa kwa kipimo chembamba, ambacho ziara za makundi na mabadiliko ya uandikishaji yanaweza kukitikisa.

Safari zisizopita langoni

Kila Disemba mabasi ya kwenda Moshi na Arusha hujaa, na mamlaka za usafiri hulazimika kushughulikia uhaba wa viti na upandishaji wa nauli. Mwezi Julai watu huenda Makunduchi kwa ajili ya Mwaka Kogwa. Sikukuu za Idi huwavusha wakazi wa Dar es Salaam kwa boti hadi Unguja, ambako utalii husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi, kwa kuwa si jambo la Muungano. Wasafiri hawa hununua tiketi, chakula, nguo na zawadi, hukodi vyumba, hujenga na kukarabati nyumba za vijijini. Wapo pia abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wanaowaona tembo na twiga kupitia dirishani barabara inapoikata Mikumi. Wamezuru, lakini hakuna daftari lililowaandika.

Kutohesabiwa huku kuna gharama. Mpango unaotegemea lango huelekeza fedha kwenye lango: barabara za hifadhini, mabango na vifurushi vya ziara. Nyumba za wageni za bei nafuu, stendi, vyoo vya njiani na usalama wa safari za mwisho wa mwaka hubaki kuwa masuala ya uchukuzi au ya halmashauri, kana kwamba hayahusiani na sekta hii.

Hitimisho

Utalii wa ndani nchini Tanzania umekua, na ukuaji wa baada ya mwaka 2021 ni tukio la kihistoria lenye uzito wake. Hata hivyo, kilichoongezeka kwa uhakika ni idadi ya wananchi wanaoingia katika maeneo ambayo awali yalitengwa kwa ajili ya wengine. Mtafiti akiichukulia idadi hiyo kuwa ndiyo ukubwa wote wa sekta, atahitimisha kwamba Watanzania walianza kusafiri juzi, na atawaandika kama wageni waliochelewa kufika nchini mwao. Uchunguzi wa kaya unaouliza nani alisafiri, alikwenda wapi, alilala kwa nani na alitumia kiasi gani utatoa picha pana zaidi. Kumbukumbu za malango zitabaki kuwa chanzo muhimu cha sehemu ya historia hii. Sehemu iliyosalia imo katika tiketi za mabasi na boti, na katika masimulizi ya wale waliokuwa wakirudi nyumbani kila mwaka bila kuitwa watalii.