Nyamira, ukuaji wa miji
Kaunti ya Nyamira, magharibi mwa Kenya, ilihesabiwa kuwa na watu 605,576 katika sensa ya 2019, takriban 675 kwa kilomita ya mraba: msongamano unaokaribia wa mjini, ila katikati ya chai na migomba. Miji kama Nyamira na Keroka hupanuka kwa kukata shamba la urithi kuwa ploti. Kwenye ploti hizo, choo cha shimo hujikuta juu ya chemchemi ambayo majirani bado wanachota maji, na hapo homa ya matumbo na kuhara hupata njia. Keroka iko mpakani na Kaunti ya Kisii. Kaunti hizo mbili zimeugombania mji na ushuru wake, lakini taka hazina mgombea. Mabondeni, mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya mbao na kuni hunyonya chemchemi zilizosalia.