Wahusika wageni katika gemu: Nakuru, Mombasa na Kiswahili chetu viliingiaje?

Katika vibanda vya gemu vya mjini Nakuru, kama vile vya Mombasa na Malindi, vijana hushika padi, wakachagua timu ya mpira au mpiganaji, na mechi ikaanza. Wengi wanawajua wahusika wa gemu hizo kuliko wanavyowajua waigizaji wa filamu. Wasichokijua wengi ni kwamba Kaunti ya Nakuru yenyewe imo ndani ya gemu, Mombasa imo, na Kiswahili kimo pia, tena mahali ambapo hakuna aliyekitarajia.

Makala hii inaeleza mhusika mgeni ni nani, kwa nini makampuni humleta, na sisi tumeingizwa namna gani. Msomaji ambaye ni mzazi na hajawahi kushika padi hataachwa nyuma.

Mgeni ni nani

Mhusika mgeni ni yule anayetoka katika gemu nyingine, filamu au kitabu cha vibonzo, akaalikwa kucheza katika gemu isiyo yake. Mfano unaotajwa sana ni Soulcalibur II ya mwaka 2003. Gemu hiyo ya mapanga iliuzwa kwa mashine tatu tofauti, na kila mashine ilipewa mgeni wake. Wa GameCube alikuwa Link wa Nintendo, wa PlayStation 2 alikuwa mzee Heihachi wa Tekken, na wa Xbox alikuwa Spawn kutoka vitabu vya vibonzo vya Marekani. Aliyewataka wote watatu ilimbidi awe na mashine zote tatu.

Tekken 7 ilikwenda mbali zaidi. Ilimkaribisha Akuma wa Street Fighter, Geese Howard wa Fatal Fury na Noctis wa Final Fantasy XV. Mwaka 2019 akaja Negan, yule jamaa wa tamthilia ya The Walking Dead anayetembea na gongo la besiboli lililozungushiwa seng'enge. Hiyo ndiyo gemu iliyompa jina Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, ambaye mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni ya UYU.

Kinachomleta mgeni ni biashara. Mwenye mhusika hutoa leseni, makubaliano yanaandikwa, na mhusika huuzwa kama nyongeza baada ya gemu kutoka. Mkataba huo hulinda mengi: sura yake, mavazi yake, mara nyingi hata sauti yake. Ukimwalika Negan ukamvisha kanzu, mwenye Negan atakuita mezani. Tulishike jambo hili, kwa sababu ndilo linalotenganisha mgeni mwenye mwenyewe na mgeni asiye na wa kumtetea.

Soysambu: gemu iliyotangulia mbio

Safari Rally ilianza mwaka 1953. Baada ya mwaka 2002 ikaondolewa katika mashindano ya dunia, na Kenya ikakaa miaka mingi ikiomba kurudishwa. Hatimaye ikapangiwa Julai 2020, makao yakiwa Naivasha, ndani ya Kaunti ya Nakuru. Korona ikaingia na mbio zikafutwa.

Lakini Septemba mwaka huohuo gemu ya WRC 9 ilitoka, iliyotengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Kylotonn, na Kenya ilikuwamo pamoja na Japani na New Zealand. Watengenezaji walikuwa wamefuata ratiba iliyotangazwa kabla ya ugonjwa. Kwa hivyo watu wa ng'ambo waliendesha magari kwenye vumbi la Bonde la Ufa, wakiwa wamekaa kwenye makochi yao, miezi kadhaa kabla ya magari ya kweli kufika. Mbio zenyewe zilirudi Juni 2021, na Mfaransa Sébastien Ogier akashinda.

Mwaka 2023 ikafuata EA Sports WRC ya Codemasters. Humo dereva hupita barabara zenye majina ambayo mkaazi wa Nakuru anayafahamu: Soysambu, Malewa, Marula, Mbaruk. Kijana wa Gilgil akicheza gemu hiyo anasoma kwenye skrini jina la mahali anapopitia akienda mjini. Huyu ni mgeni aliyeingia kwa jina lake halisi, na sababu ni nyepesi: mbio za magari zina mwenyewe. Kuna shirikisho, kuna ratiba na kuna ramani, na gemu haiwezi kuuita Soysambu jangwa la Sahara.

Baringo na mhusika asiyesema

Kaskazini ya Nakuru kuna vilima vya Tugen, Baringo. Huko, mwaka 2000, watafiti Brigitte Senut na Martin Pickford na wenzao walipata mifupa ya kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 6 iliyopita. Wakamwita Orrorin tugenensis. Orrorin ni jina lililotoka katika lugha ya Watugen wenyewe, lenye maana ya mtu wa asili.

Miaka 19 baadaye ikatoka gemu iitwayo Ancestors: The Humankind Odyssey. Aliyeiongoza ni Patrice Désilets wa Montreal, mmoja wa waanzilishi wa Assassin's Creed. Watu walitarajia panga, kofia na mauaji ya kimyakimya. Badala yake wakapewa ukoo wa nyani-watu katika Afrika ya miaka milioni 10 iliyopita, wasiojua moto wala neno moja la kusema. Mchezaji hujifunza kunusa, kubeba mtoto mgongoni, kuchonga kijiti na kusimama kwa miguu miwili, hadi afike miaka milioni 2 iliyopita. Safari hiyo inapita katikati ya zama za Orrorin.

Si kila mtu aliipenda gemu hiyo, kwani wengine waliiona nzito na isiyo na maelezo ya kutosha. Hata hivyo kwa mwalimu wa Nakuru anayewapeleka wanafunzi Kariandusi kutazama mashoka ya mawe, au Hyrax Hill pale nje ya mji, ni nadra kupata gemu ambayo shujaa wake ni jirani yao wa kale.

Elena, Mkenya wa kwenye karatasi

Mwaka 1997 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter III, na ndani yake akawamo msichana aitwaye Elena. Ni mrefu, nywele nyeupe, macho ya samawati, miguu mitupu, binti wa mkuu wa kabila, na anatoka Kenya. Anapigana kwa miguu peke yake, na ana kipaji cha kujiponya katikati ya pambano, jambo lililowakera wapinzani wengi tangu zamani. Alirudi mwaka 2014 katika Ultra Street Fighter IV, na Juni 2025 akaongezwa katika Street Fighter 6, kwenye msimu uleule uliowaleta wageni wawili wa kampuni ya SNK, Terry Bogard na Mai Shiranui.

Mpiganaji wa Kenya kuwamo katika gemu maarufu kama hiyo ni jambo la kufurahisha. Sasa mtazame anavyopigana. Mchezo wake ni capoeira, nao ni wa Brazil. Ulizaliwa huko miongoni mwa Waafrika waliopelekwa utumwani, na historia yake huhusishwa zaidi na upande wa Angola. Hapa kwetu kirumbizi cha fimbo kinajulikana Lamu, na rungu linajulikana kote Bonde la Ufa. Havikutumiwa. Waliomchora walitaka mwendo wa kupendeza wa miguu, wakaazima Brazil, kisha wakaandika Kenya kwenye cheti cha kuzaliwa.

Linganisha na Terry na Mai. Hao wana kampuni iliyowalea, nayo inajua ngumi zao na hasira zao. Elena alipochorwa, hakuna mtu wa Kenya aliyekuwa na leseni ya Kenya ya kuuza wala kukataa.

Mombasa Mpya na adui unayemchezea

Turudi nyumbani Pwani. Novemba 2004 ilitoka Halo 2 ya Bungie. Matangazo yake yaliahidi vita vya kuilinda dunia, na vita hivyo vilikuwa Mombasa ya mwaka 2552. Mchezaji anaanzia Mji wa Kale, anavuka hadi Mombasa Mpya yenye mnara unaofika angani. Kisha ghafla gemu inamtoa kwa shujaa wake na kumkabidhi Arbiter, askari wa jeshi la adui, amchezee kwa sehemu kubwa ya hadithi.

Wapo waliokasirika. Walikuwa wamelipia kuitetea Mombasa, si kuishi ndani ya ngozi ya aliyekuja kuichoma. Lakini hasira zilipopoa, Arbiter akawa mmoja wa wahusika wanaokumbukwa zaidi, hata mwaka 2016 akaalikwa kama mgeni katika Killer Instinct. Halo 3 ya mwaka 2007 iliendelea na barabara ya Tsavo na mji wa Voi. Halo 3: ODST ya mwaka 2009 ikarudi Mombasa Mpya, na humo kuna Kizingo Boulevard, Tayari Plaza na kituo cha treni cha Kikowani.

Bila shaka aliyeandika majina hayo alifungua ramani ya Mombasa. Lakini mitaa ni mitupu, na utatembea usiku kucha bila kupata mahali pa kahawa na kashata. Jina la mtaa lilialikwa, wenye mtaa hawakuja.

Lugha yetu ikawa ya mazimwi

Mgeni wa kushangaza kuliko wote ni Kiswahili. Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5, inayotokea Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika. Wanakijiji walioambukizwa wanaitwa Majini, na wanapomkimbilia shujaa Chris Redfield na mwenzake Sheva Alomar, wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mchezaji wa Marekani anasikia sauti za kutisha tu. Mchezaji wa Nakuru au wa Kilifi anaelewa maneno.

Majina ya mazimwi wenyewe yanachekesha na kuudhi kwa pamoja. Kuna Kipepeo, na kuna Bui Kichwa, maneno mawili yaliyogonganishwa bila kiunganishi. Kuna na Popokarimu, popo mkubwa wa kuogofya aliyepewa sifa ya ukarimu, neno ambalo Waislamu wa Pwani wanalijua katika jina la Al-Karim. Hata hilo neno majini, lisiposomwa vizuri, ni kule ndani ya maji. Inaonekana mtu alichukua kamusi na kuchagua maneno kwa jinsi yanavyolia masikioni.

Gemu hii ilizua mjadala mkubwa duniani tangu matangazo yake ya kwanza mwaka 2007, kwa sababu ya picha ya mzungu akiwapiga risasi umati wa Waafrika. Mjadala huo uliligusa suala la lugha kidogo sana. Wenye lugha hawakuulizwa, na mtoto anayejifunza Kiswahili akiwa ughaibuni huenda akakisikia hapo kwa mara ya kwanza, kinywani mwa zimwi.

Wenyeji wanapochora

Wakenya nao wamejaribu. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, shujaa wake akiwa mwanamke Mwafrika anayesaka vitu vya kale. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, ambamo askari aitwaye Otero anaikomboa Nairobi kutoka kwa wavamizi wa anga za mbali. Hazikuwa na bajeti ya Japani wala ya Marekani, na ukiziweka kando ya Halo utaona tofauti ya fedha mara moja. Lakini Nyangi ana jina la mtu unayeweza kukutana naye, na Otero anapigania mji ambao aliyemchora anaujua kona zake.

Jinsi ya kumpima mgeni

Ukikutana na Mkenya, mji wetu au lugha yetu ndani ya gemu, uliza mambo manne. Je, jina ni la kweli? Je, mwendo wake ni wa kwetu au wa kuazima? Je, anasema, na anachosema kina maana? Na je, kuna mtu wa huku aliyekuwa na haki ya kusema hapana?

Soysambu inapita mtihani huo vizuri kwa sababu mbio za magari zina wasimamizi. Kizingo inapata nusu. Elena anapendeza, ila anaanguka kwenye mwendo. Kiswahili cha Majini kinaanguka karibu kote.

Swali la nne ndilo zito, na jibu lake halitatoka Tokyo. Litatoka kwa kijana wa Nakuru au wa Kisauni anayejifunza kuchora na kuandika programu leo, na kwa wakubwa wanaodhani anapoteza wakati. Kampuni ya kigeni ikitaka kirumbizi au Kiswahili safi, ni lazima imkute mtu mwenye kazi tayari mkononi na mkataba mezani. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekuwa wageni katika gemu za watu tangu mwaka 1997, na jembe lenyewe tunalijua.