Picha za Kale na Majina Yasiyoandikwa

Mwaka 1889 Mangi Rindi wa Moshi alipeleka wajumbe Berlin wakiwa na zawadi kwa Kaisari wa Ujerumani, naye Kaisari akamrudishia zawadi. Urafiki huo haukumwokoa mwanawe, Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, mrithi wa ufalme wao, Edward, alikuja kuwinda Tanganyika. Picha za safari za namna hiyo humtaja mgeni. Wapagazi waliobeba mizigo mara nyingi hawatajwi. Hata katika picha za misheni zimo nyuso nyingi zisizo na majina. Wapendwa, picha za wazee wetu zimo makabatini mwetu. Tuandike majina yao nyuma ya picha hizo, wakati wanaowatambua wangali hai.