Bima Ilizaliwa Majini, Sasa Kwa Nini Simu Ikiloa Hulipwi?

Mdada mmoja wa Kinondoni, jina kapuni, alienda Amsterdam kwenye harusi ya binamu yake. Siku ya pili wakapanda boti ya kuzunguka mifereji, mdada anajirekodi, mara mkoba ukateleza, chubwi! Ukaopolewa kwa ndoano. Simu iliwaka dakika chache ikazima jumla. Kamera haikuwaka kabisa, na kamera ndiyo kazi yake, anapiga picha za send-off na kitchen party.

Akakumbuka, si alikata bima ya safari! Akajaza fomu kwa mbwembwe zote. Jibu likaja mistari mitatu: vifaa vya elektroniki vilivyoharibiwa na maji havimo.

Kinachochekesha ni kwamba bima yenyewe ilianza kwa sababu ya maji. Mkataba wa zamani zaidi unaojulikana uliandikwa Genoa, Italia, mwaka 1347, na ulikuwa wa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1600, London, matajiri walikuwa wanakutana kwenye mgahawa wa kahawa wa Edward Lloyd. Karatasi ya safari inapita mezani, kila mwenye mkwanja anasaini chini kiasi atakachobeba meli ikizama. Ndipo lilipotoka jina la Lloyd's linalosikika mpaka leo.

Ila matajiri hao wakaja kushtuka. Kuna mizigo ilikuwa inaharibika kila safari! Ndiyo maana mwaka 1749 wakaongeza kifungu kidogo chini ya mkataba: nafaka, samaki, chumvi, matunda, unga na mbegu, vikiharibika nusu nusu hakuna malipo, labda meli ikwame au iwe ile hasara ambayo wenye mizigo wote wanachangia. Sukari, tumbaku na ngozi, hasara ikiwa chini ya asilimia 5 hulipwi. Bidhaa nyingine nyingi, chini ya asilimia 3. Kwa lugha ya mtaani: kinachoharibika kirahisi, baki nacho mwenyewe. Simu na kamera ndiyo unga wa leo.

Halafu kukawa na ubishi wa maji gani. Mzigo ukishuka umeloa, bahari ndiyo iliyouloesha au ni mvua, au jasho la ndani ya meli? Wakaguzi wakawa wanadondosha dawa ya silver nitrate kwenye gunia. Pakiwa na chumvi panageuka peupe kama maziwa, na hapo mwenye mzigo anapata pa kusemea. Leo kazi hiyo inafanywa na kistika ndani ya simu, cheupe, kikigusa maji kinakuwa chekundu. Tofauti ni kwamba chenyewe hakiulizi kama ni bahari au ni mchuzi.

Bima ya abiria sasa, hiyo ilikuja na treni. Mwaka 1849 kampuni moja London ilianza kuuza bima pamoja na tiketi, kwa ajili ya kifo na majeraha ya ajali. Marekani, kampuni ya Travelers ya Hartford inasimulia kwamba mteja wake wa kwanza, mwaka 1864, alikuwa jamaa wa benki aliyelipa senti 2 akatiwe bima ya dola 5,000, kwa kutembea tu kutoka posta mpaka nyumbani. Aliyekatiwa bima ni jamaa mwenyewe, siyo begi lake.

Na hapo ndipo mdada alipoteleza mara ya pili. Bima aliyonunua ni ile ya viza ya Schengen. Tangu 2004 Ulaya wanadai iwe na angalau euro 30,000 za matibabu na kurudishwa nyumbani, hata ukiwa maiti. Simu haijatajwa popote. Wengi wananunua ya bei chee kabisa ili viza itoke, wanaamini wamekingwa kila kitu.

Na yale maneno ya "haiingii maji" je? Hupimwa maabara, kwenye maji baridi yaliyotulia. Mwaka 2020 Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 kwa matangazo hayo, na 2022 mahakama ya Australia ikaitoza Samsung dola milioni 14 za kwao.

Wanaolipwa wapo. Ni wale wenye kipengele cha vifaa kwenye mkataba, risiti, namba ya IMEI na ripoti ya tukio. Na kama begi lililoloa lilikuwa mikononi mwa shirika la ndege, mdai ni shirika: Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tu tangu upokee begi, na uandike, siyo kulalamika kaunta.

Shosti wake alimshauri aseme vimeibiwa. Mdada akagoma, na alifanya vizuri: tangu hukumu maarufu ya London ya 1766, bima inasimama juu ya kusema ukweli, na uongo kwenye fomu unaweza kuua dai zima.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na send-off Tabata. Alipiga kwa kamera ya kuazima, na mwenye nayo akamchaji elfu hamsini.