Kriketi si ya Jamii Moja

Huku kwetu Masagati na Ifakara, kriketi mara nyingi huitwa mchezo wa Wahindi. Historia ya Afrika Mashariki yasema vingine.

Katika urushaji wa mpira, legi-spini ni miongoni mwa sanaa ngumu kabisa. Mrushaji huuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono. Ukishadunda, humkimbia mpigaji wa mkono wa kulia. Hila zake ni kadhaa. Gugli, aliyoianzisha Mwingereza Bernard Bosanquet yapata mwaka 1900, hugeuka kinyume, ilhali mkono waonekana uleule. Topu-spini huenda moja kwa moja na kudunda juu zaidi. Faida ya hila hizo ni shaka zinazomwingia mpigaji. Lakini pasipo mpira wa kawaida uliotulia, hila hazimtishi mtu.

Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Mkenya Collins Obuya aliangusha wiketi 5 za Sri Lanka kwa mikimbio 24 tu kwa legi-spini yake. Miongoni mwa aliowatoa ni Aravinda de Silva na Mahela Jayawardene. Kenya ilishinda kwa mikimbio 53, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Nahodha alikuwa Steve Tikolo. Kikosini walikuwamo pia Asif Karim na Hitesh Modi, wenye asili ya Kihindi. Basi vijana wetu, wa hekaluni na wa majirani, na waujaribu mchezo huu pamoja. Uwanja mmoja wawatosha.